Pete ya dhahabu haipimi risasi kwenye lipstiki

Ujumbe unaozunguka WhatsApp unasema: paka lipstiki mkononi, isugue kwa pete ya dhahabu, ikitoa mstari mweusi ina madini ya risasi. Si kweli. Unga mgumu uliomo kwenye vipodozi, kama titani dioksidi, huikwaruza pete, na chembe za pete ndizo zinazoonekana nyeusi. Pete ya shaba nayo itakuchorea mstari huo.

Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, inapendekeza risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo ya lipstiki. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho. Maabara huyeyusha sampuli kwa asidi, kisha mashine ndiyo inayopima.

Mimi ningehofia zaidi wanja wa jiwe. Ukisagwa kutoka galena, jiwe lenye madini ya risasi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na mweusi ni mweusi tangu dukani. Hapo pete itakuambia nini?