Kakakuona si mtabiri, na sange si panya

Mara ya kwanza kumwona kakakuona nilikuwa Mkata, wilayani Handeni. Walikuwa wamemweka juu ya jamvi, amejiviringisha kama nazi, mbele yake bakuli la maji, mahindi na kisu. Akiendea maji, mwaka una mvua. Akiendea mahindi, kuna mavuno. Akiendea kisu, tujiandae kwa vita. Babu mmoja alininong'oneza, "Mjukuu wangu, huyu hashikwi ovyo, ameshuka kutoka juu."

Sikumbishia babu, maana naelewa imani hiyo inakotoka. Kakakuona hutembea usiku na peke yake. Mtu anaweza kuzeeka porini asimwone hata mara moja. Kitu adimu namna hiyo watu hukitafutia maana. Lakini kule kujiviringisha ni woga mtupu. Ndiyo silaha yake: simba humgeuzageuza akashindwa kumfungua. Kwa binadamu silaha hiyo inamponza, kwa sababu sisi tunamwokota tu na kumtia kwenye kiroba. Macho yake ni dhaifu, anaongozwa na pua. Mahindi hali, kisu hakijui, na maji akiyafuata huenda ni kiu tu, baada ya kushikwashikwa na watu kutwa nzima.

Wapo wanaosema magamba yake ni dawa. Magamba hayo ni keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele zetu. Kwa imani hiyo kakakuona wamewindwa Afrika na Asia mpaka mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Johannesburg, spishi zote nane zikapigwa marufuku katika biashara ya kimataifa. Hapa kwetu Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na magamba yake bila kibali ni kukutwa na nyara za serikali.

Halafu tunasema anakula mchwa. Anawala, ila huyu wa nyika zetu hupenda zaidi sisimizi. Hana jino hata moja. Ulimi wake mrefu umeanzia ndani kabisa kifuani, na chakula husagwa tumboni pamoja na vijiwe anavyomeza.

Wengi humchanganya na muhanga. Muhanga hana magamba. Ana masikio kama ya punda na pua kama ya nguruwe, na magego anayo. Nguruwe si ndugu yake. Ndugu zake ni tembo, pimbi, na hata nguva wa bahari yetu hii ya Tanga! Ufanano wake na kakakuona umeletwa na riziki: kucha za kuchimbia, ulimi mrefu wa kunata. Wala hamalizi kichuguu. Hulamba kwa muda mfupi, akahamia kingine, na mchwa hukarabati nyumba yao. Mashimo anayoyaacha hukaliwa na ngiri na nungunungu.

Fisi mdogo mla mchwa naye husingiziwa kuiba mbuzi. Magego yake ni vijiti vidogo visivyoweza kutafuna mfupa. Kwa usiku mmoja anaweza kulamba mchwa wapatao 250,000.

Anayeniuma zaidi ni sange, kwa kuwa ni wetu hasa. Yupo msitu wa Amani, yupo msitu wa Zaraninge ndani ya Hifadhi ya Saadani, na watoto humpiga mawe wakisema ni panya. Ana pua ndefu inayochezacheza, mgongo mweusi, na anachakura majani makavu akitafuta wadudu, mchwa na sisimizi wakiwemo. Ukoo wake ni ule wa muhanga na tembo. Ukifagia majani ya msituni au kuyachoma, umemwondolea chakula, na nyumba pia, kwani hulala kwenye kiota cha majani hayohayo chini ya miti.

Yule kakakuona wa Mkata alichukuliwa jioni na askari wa wanyamapori, nasi wachache tukafuatana nao hadi porini. Wakamweka chini, tukarudi nyuma, taa zikazimwa. Alikaa hivyohivyo karibu nusu saa. Kisha ikatoka pua, likafuata jicho, akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, akashika njia yake.