Duwopu si kuimba bila ala

Siku hizi kikundi kikiimba bila kinanda wala gitaa, watu wanasema kinaimba duwopu (doo-wop). Sivyo. Kuimba bila ala ni akapela, basi. Duwopu ni mtindo wa makundi ya sauti ya Wamarekani weusi wa mijini, kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960: mmoja anaongoza kwa maneno, wenzake wanamwitikia kwa silabi tupu, besi, mwenye sauti nzito kuliko wote, anatembea chini yao. Ala ziwepo zisiwepo, mtindo ni uleule.

Chukua Orioles wa Baltimore, kundi lililofungulia wengi njia. Walianza kwa jina la Vibra-Naires, kisha wakajiita kwa ndege wa jimbo lao, Maryland. Sonny Til aliongoza, Alexander Sharp aliimba tenori, sauti ya juu, George Nelson baritoni, sauti ya kati, Johnny Reed besi. Wa tano, Tommy Gaither, alikuwa mpiga gitaa, na Reed naye alipiga besi ile ala kubwa ya nyuzi ya kusimama. Meneja wao, Deborah Chessler, ndiye aliyetunga "It's Too Soon to Know", iliyowatoa mwaka 1948. Kama ala zinaharibu duwopu, hawa nao tuwafute.

Kinachochanganya watu ni mazoezi. Vijana wengi hawakuwa na hela ya ala, wakajifunzia kwenye kona za mitaa na ngazi za majengo, penye mwangwi. Kwa hao, studio ndiyo iliyoleta gitaa, ngoma na saksafoni. Kufikia hapo sauti zilishazoea kufanya kazi ya ala, na silabi zilitoka humo, wala hazikuwa za kubahatisha. "Du" hubana midomo, kwa hiyo waitikiaji hubaki chini ya kiongozi; "wa" hufungua kinywa na sauti ikavimba, ndiyo maana huwekwa pale kiongozi anapovuta pumzi. "Bom" ya besi huanza midomo ikiwa imefungwa, ikapasuka kama uzi wa gitaa uliopigwa kwa kidole. Mmoja akiimba "du" na mwenzake "do", hata wakiwa kwenye noti sahihi, watasikika kama wametoka kwenye noti.

Anayesoma solfa ajaribu mzunguko wa akodi (noti zinazoimbwa pamoja) uliotumika sana miaka ya 1950. Besi: do, la, fa, so. Waitikiaji watatu waanze do-mi-so. Kwenda la-do-mi, anahama mmoja tu, wa so kupanda la. Kwenda fa-la-do, tena mmoja, wa mi kupanda fa. Ndiyo maana vijana wasiosoma noti waliumudu. Shida ni hatua ya tatu, kwenda so-ti-re: wote watatu wanahama pamoja, na mwenye ti asipoifikisha juu vizuri, kundi zima linashuka kidogo kila mzunguko. Bila ala hawatajua, mpaka besi aikose noti yake ya chini.

Jina lenyewe la duwopu lilikuja baadaye. Orioles walipokuwa wakianza, Billboard, jarida la muziki la Marekani, liliweka santuri za weusi kwenye orodha iliyoitwa "Race Records", na kuanzia 1949 "Rhythm & Blues". Hakuna aliyewaita watu wa duwopu.

Kwa hiyo, ukiisikia kwaya ya vijana ikiimba bila kinanda, iite akapela na hutakosea. Kabla ya kuiita duwopu, sikiliza kwanza besi anasema nini kiongozi akinyamaza.