Barafu haipandi mlima

Kila nikipeleka wanafunzi Bonde la Teleki, Mlima Kenya, lazima mmoja aniulize: "Mwalimu, tunaambiwa barafu ilirudi nyuma. Basi ilipanda mlima?"

Haikupanda! Barafu huteremka kwa uzito wake, hata mwaka inapopungua. Kinachorudi nyuma ni ncha yake ya chini, kwa sababu inayeyuka upesi kuliko inavyoletewa barafu mpya kutoka juu. Mwaga majivu ya moto mbele ya msafara wa siafu: wa mbele wanakufa, wa nyuma wanazidi kuja, na kichwa cha msafara kinasogea nyuma bila siafu hata mmoja kugeuka. Ndivyo moreni, yaani matuta ya kifusi cha barafu, zinavyojengeka. Barafu inaendelea kushusha mawe na kuyabwaga pale inapofia. Ncha ikitulia mahali pamoja miaka mingi, kifusi kinakuwa tuta lililopinda kama upinde. Kwa hiyo matuta unayoyavuka moja baada ya jingine ukipanda bonde ni vituo vya ncha.

Wengine hunionyesha michirizi iliyokwaruzwa na barafu kwenye mwamba na kutangaza barafu ilikoelekea. Taratibu. Mchirizi ni mstari, na mstari una ncha mbili. Weka daftari chini, piga magoti, pitisha kiganja juu ya jabali zima. Upande mmoja ni laini kama jiwe la kusagia lililozeeka. Wa pili umenyofoka, una kona za kukata ngozi. Barafu ilitokea upande ule laini. Na kama michirizi haionekani, mwagia mwamba maji ya chupa, uutazame asubuhi jua likiwa chini. Sijui kwa nini watu hubeba dira ya bei ghali na kusahau hili.

Eti majabali yaliyotapakaa bondeni yalirushwa na volkano? Volkano hii ilizimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na majabali yamekaa juu ya kifusi cha barafu, ambacho kwa hesabu zetu ni cha juzi. Ukikuta sienaiti, mwamba wa kileleni ulioganda ndani ya volkano, imekalia lava huku chini, ujue ilibebwa.

Eti ikweta haijawahi kuwa na barafu ya maana? Mwanajiolojia J. W. Gregory aliziona moreni hizi mwaka 1893, mbali chini ya barafu ya wakati wake. Zipo hadi chini ya mita 3,500 kutoka usawa wa bahari. Zikanyage mwenyewe.