Sifuri au O? Dhana potofu kuhusu fonti ya kuandikia programu

Jioni moja darasani kwetu, mtaa wa Kiusa hapa Moshi, kijana mmoja alikaa karibu dakika 40 akihangaika na mistari 12 ya Python, lugha ya kuandikia programu. Programu yenyewe ilikuwa ya kujumlisha bei: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kilo ya maharage. Kila akiiendesha, Python inamjibu kwamba jina bei_l halijulikani, kisha inamuuliza kama alikusudia bei_1. Mwishowe akaniita. "Mwalimu, njoo uone. Inaniuliza kama nimekusudia kilekile nilichoandika!"

Niliinama nikaangalia, nikamwelewa. Juu aliandika bei na tarakimu moja, chini akaandika bei na herufi l, ile ya lulu. Alikuwa ananakili kutoka kwenye fotokopi iliyofifia, na kioo chake cha pikseli 1366 kwa 768 kilikuwa kinaonyesha Courier New. Katika fonti hiyo l na 1 ni kama mapacha: zote zimesimama wima, zote zina kitako chini na kijimkia juu upande wa kushoto. Hata ujumbe wa kosa, uliokuja kumsaidia, ulitokea kwa fonti hiyohiyo, kwa hiyo haukumsaidia kitu. Sikugusa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake. Nilibadilisha fonti tu, na kabla sijatoa mkono kwenye kipanya alikuwa ameshaliona kosa.

Tangu siku hiyo kila darasa jipya naanza nalo na fonti, na kila darasa nakutana na dhana zilezile.

"Fonti ni urembo tu, kazi ni msimbo"

Anayesema hivi ameshika nusu ya ukweli. Kompyuta haijali fonti hata kidogo. Faili la programu halibebi maumbo ya herufi, linabeba namba zake: 1 imehifadhiwa kama 49, l kama 108, sifuri kama 48, O kubwa kama 79. Kwa mashine, 49 na 108 haziwezi kuchanganyikana kamwe. Anayechanganya ni binadamu, na binadamu haoni zile namba. Anaona kile ambacho fonti imemchorea.

Wenye lugha za programu wanalijua hili siku nyingi. PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa kuandika Python, unakataza kutumia l, O au I peke yake kama jina, kwa sababu kwenye fonti nyingine huwezi kuzitenganisha na moja na sifuri. Nao waliotengeneza Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, walipotaka namna ya kuandika anwani ambazo mtu anaweza kuzisoma na kuzinakili kwa mkono, waliondoa kabisa sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo. Herufi 58 zilizobaki ndizo wanazotumia.

"Mradi kila herufi ina upana sawa, fonti inatosha"

Upana sawa ni muhimu, sibishi. Ni ile hali ya i kupewa nafasi ileile anayopewa m, ili safu zipangane na nafasi za mwanzo wa mstari zihesabike kwa macho. Katika Python nafasi hizo ni sehemu ya sarufi, ukikosea moja programu inagoma.

Lakini Courier ina upana sawa, na ndiyo iliyomwangusha kijana wangu. Sababu iko kwenye asili yake. Ilichorwa na Howard Kettler miaka ya 1950 kwa ajili ya mashine za chapa za IBM. Ukikutana na mzee aliyewahi kupiga chapa ofisini zamani, muulize: mashine nyingi za wakati ule hazikuwa na kibonye cha 1. Mpiga chapa alibonyeza l ndogo na msomaji akaelewa kwamba ni moja, maana katika barua hakuna anayedhani mtu alizaliwa mwaka wa l945 wenye herufi. Katika programu hakuna wa kukuelewa. Tena Courier New ina mistari myembamba mno, na kwenye kioo cha kawaida inafifia.

Fonti zilizochorwa makusudi kwa ajili ya msimbo zimelishughulikia jambo hili. Consolas ya Lucas de Groot, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, inakata sifuri kwa mstari wa mshazari. Source Code Pro inaweka nukta katikati ya sifuri. DejaVu Sans Mono inapinda mguu wa l kuelekea kulia, kama ndoano, wakati 1 yake inasimama juu ya kitako kilichonyooka. Hiyo ndoano ndogo ndiyo ingemwokolea yule kijana jioni nzima.

Kwa hiyo usichague fonti kwa jina lake. Fungua edita yako, yaani programu unayoandikia msimbo, andika mstari huu, uuangalie kwa fonti unayotaka:

0 O o 1 l I | ; : . , ' ` ( { [

Ukisita kwenye alama hata moja, jaribu nyingine. Fanya jaribio hilo kwenye mashine yako mwenyewe, kwa ukubwa unaoutumia kila siku. Picha za matangazo hupigwa kwenye vioo vizuri kuliko vyetu.

"Fonti nzuri ni za kununua"

Si kweli. Source Code Pro ya Adobe ni ya bure tangu 2012. Cascadia Code ya Microsoft ilitoka 2019, JetBrains Mono 2020, na zote ni za bure na za leseni huria. Faili moja la JetBrains Mono halifiki megabaiti moja, kwa hiyo hata anayepakua kwa bando la siku hapati hasara.

"Zile zinazounganisha alama ndizo za kitaalamu"

Fonti kama Fira Code zina ufundi wa kuchukua alama mbili na kuzichora kama moja. Ukiandika mshangao na usawa, !=, unaona ≠. Ni nzuri kwa macho na faili halibadiliki, ndani bado kuna alama mbili. Wapo wanaozipenda kwa haki kabisa, hasa waliokwishazoea.

Kwa anayejifunza, mimi nazizima. Niliwahi kuacha ufundi huo ukiwa umewashwa kwenye projekta. Binti mmoja akanakili ≠ vizuri kabisa kwenye daftari lake, akaenda nyumbani Pasua, akatafuta kibonye hicho kwenye kompyuta ya kaka yake mpaka akakata tamaa. Kosa lilikuwa langu. Mwanafunzi anatakiwa aone kile ambacho vidole vyake vitaandika.

"Ukipata fonti nzuri, kila kosa utaliona"

Hapa ndipo sisi tunaoandika Kiswahili tunapaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu ya ritifaa, kile kialama cha juu katika ng'. Mwanafunzi anataka programu ichapishe neno ng'ombe, analiweka ndani ya alama moja moja za kunukuu: 'ng'ombe'. Python inafika kwenye ile ritifaa baada ya ng, inadhani maneno yamefungwa, na ombe inabaki nje bila mwenyewe. Hakuna fonti itakayotatua hilo, kwa sababu ritifaa na alama ya kunukuu hapo ni herufi ileile, namba 39. Dawa ni kutumia alama mbili mbili, "ng'ombe", na hapo ng'ambo, ng'aa na king'ong'o vyote vinapita salama.

Upande wa pili wa shida hiyo ni msimbo ulionakiliwa kutoka Word. Word huzikunja zile alama, na alama iliyokunjwa ni herufi nyingine kabisa ambayo Python haiikubali. Hili fonti nzuri inasaidia kuliona, kama inatofautisha wazi alama iliyokunjwa na iliyonyooka. Usiipime kwa sifuri na O peke yake.

Kuna mambo mengine jicho haliyawezi hata kwa fonti bora duniani. Alama ya kuuliza ya Kigiriki inafanana kabisa na nukta mkato yetu. Herufi a ya Kikirili, ile inayoandikiwa Kirusi, haitofautiani kwa sura na a yetu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Nicholas Boucher na Ross Anderson, walionyesha jinsi alama zisizoonekana zinavyoweza kubadilisha mpangilio wa msimbo, mtu akasoma hivi na mashine ikatekeleza vile. Edita ndiyo inayokukinga hapo. Visual Studio Code, tangu mwishoni mwa mwaka huohuo, huzizungushia kisanduku herufi za kutilia shaka. Msiizime hiyo alama hata kama inawasumbua.

Kwa wenzetu wa Arusha wanaotengeneza kamusi au programu za Kimaasai, ongezeni jaribio moja: andikeni ɛ, ɔ na ŋ. Fonti isiyo nazo huziazima kutoka fonti nyingine, na safu zenu zinapinda. DejaVu Sans Mono inazo.

"Maandishi madogo, mistari mingi, kazi haraka"

Najua kwa nini watu wanapunguza. Kwenye vioo vyetu vidogo unataka kuona programu nzima. Ila mistari 50 usiyoisoma vizuri haina faida kuliko 30 unayoisoma. Anza na ukubwa wa 15 au 16, kisha ongeza nafasi kati ya mistari mpaka iwe kama mara moja na nusu ya urefu wa herufi. Mabano yanapumua na macho hayarukii mstari usio wake. Kuhusu kioo cheusi chenye maandishi meupe, usiku ni sawa. Asubuhi, jua linapopiga dirishani, kioo cheusi kinageuka kuwa cha kujitazamia, na kwa wakati huo kioo cheupe kinasomeka vizuri zaidi.

Ipo pia imani kwamba kuongeza ukubwa kunaondoa shida ya macho. Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja alifika ukubwa wa 22 na bado akawa anainamia kioo, pua karibu iguse vibonye. Tulikuwa tumeshabadilisha fonti mara tatu. Nikamwambia, "Dada, fonti imefika mwisho wake, nenda KCMC wakupime macho." Alirudi baada ya wiki mbili akiwa na miwani, akakaa, akafungua mipangilio ya edita, na yeye mwenyewe akairudisha 15.