Lukemia kwa watoto: jeni zinahusikaje, na tiba imefika wapi?

Mtoto amerithi lukemia, yaani saratani ya damu, kutoka kwetu?
Mara nyingi hapana. Wazazi wengi hulala na swali hili kichwani, kwa hiyo tulimalize kwanza. Jeni zilizoharibika ziko ndani ya seli za uboho wa mtoto mwenyewe. Hakuzipata kwa baba wala kwa mama. Wapo wachache waliozaliwa na jeni zinazoongeza hatari, na watoto wenye hali ya Down (waliozaliwa na kromosomu 21 ya ziada) huugua lukemia zaidi kuliko wenzao.

Basi huanza lini?
Wakati mwingine mtoto akiwa bado tumboni. Katika nchi nyingi, mtoto mchanga huchomwa kisigino na matone ya damu yake kukaushwa kwenye karatasi ili apimwe magonjwa mengine. Miaka ya 1990 watafiti walizifukua karatasi za watoto waliokuja kuugua lukemia, na kwa baadhi wakakuta hitilafu ya jeni tayari imo. Mojawapo ni kuungana kwa jeni mbili, ETV6 na RUNX1. Ajabu ni kwamba watoto wengi wanaozaliwa na muungano huo hawaugui kamwe. Lazima hitilafu nyingine zifuate.

Tiba ikoje?
Mwaka 1947 daktari Sidney Farber, huko Boston, alianza kuwapa watoto dawa ya aminopterini. Walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Somo likawa kuchanganya dawa kadhaa na kuendelea nazo miaka miwili au mitatu. Leo, kwenye nchi tajiri, kati ya watoto 10 wenye lukemia kali ya limfu, aina inayowapata watoto zaidi, takriban 9 hupona.

Kupima jeni kunabadilisha nini?
Mengi. Seli za saratani zikiwa na kromosomu ya Philadelphia, yaani uzi wa jeni ulioungana vibaya na mwingine, mtoto huongezewa dawa kama imatinibu, inayozuia protini inayozichochea. Jeni za mtoto mwenyewe nazo hupimwa: mwenye hitilafu kwenye jeni za TPMT au NUDT15 hushindwa kuvunjavunja vizuri merkaptopurini, mojawapo ya dawa za vidonge vya lukemia, na dozi ya kawaida yaweza kumshushia chembe za damu vibaya sana. Kwangu mimi hiki ni kipimo kisichofaa kurukwa.

Na ile tiba ya kutumia kinga ya mgonjwa?
Seli T za mtoto, aina ya seli za kinga, hutolewa, hubadilishwa jeni maabara, kisha hurudishwa mwilini kuwinda saratani. Mtoto wa kwanza mwenye lukemia alitibiwa hivyo mwaka 2012, na Marekani ikaidhinisha tiba hiyo mwaka 2017, kwa lukemia ya seli B (aina nyingine ya seli za kinga) iliyogoma kutibika au kurudi. Ni ghali mno, na kinga inaweza kupandwa na hasira hadi mtoto akahitaji uangalizi mahututi.

Mtoto anacheza vizuri, vidonge bado vya nini?
Kwa sababu seli chache zinaweza kubaki bila kuonekana hata kwa darubini. Kuruka dozi za merkaptopurini huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Akitapika au akikataa kumeza, mwambieni daktari siku hiyohiyo. Msiamue wenyewe kuacha.