Zawadi ya Shukrani kwa Mteja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Zawadi ikiwa ya bei, ndipo mteja ataona amethaminiwa.

Zawadi nzito humtia mtu wasiwasi. Meneja wa ununuzi pale Upper Hill, Nairobi, akiletewa simu ya bei ghali, atajiuliza mnataka nini, kisha ajiulize atamweleza vipi bosi wake. Kahawa ya Nyeri au majani ya chai ya Kericho ndani ya kiondo hayamtii mtu mashakani. Ongeza kadi ya mkono, na utaje kazi yenyewe: "Asante kwa kutuvumilia mzigo ulipokwama Mombasa mwezi wa Juni." Kwangu mimi, mstari huo unashinda kiondo na vilivyomo.

Dhana: Sheria ya hongo ni ya watu wa serikali tu.

Sivyo, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa Nairobi huteleza. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inaihusu sekta binafsi pia, na inaitaka kampuni iwe na utaratibu wa kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake. Zawadi uliyoitoa ili mtu apindishe kazi yake ni hongo, hata ukiifunga kwa utepe mzuri. Kwa hiyo angalia wakati. Zabuni ikiwa bado wazi, au mkataba ukikaribia kuongezwa muda, ngoja uamuzi utoke. Kwa maafisa wa serikali masharti ni makali zaidi: sheria hairuhusu zawadi ya pesa kwa sababu ya cheo. Kumtumia afisa "ya chakula cha mchana" kwa M-Pesa si shukrani hata kidogo.

Dhana: Hampa (kapu la zawadi) ya Krismasi inamfaa kila mteja.

Mji huu una watu wa kila namna. Mteja wako Mwislamu wa Eastleigh atafurahia tende nzuri kabla ya Ramadhani kuliko hampa ya Desemba yenye chupa ya mvinyo. Wa Parklands huenda anasherehekea Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, Oktoba au Novemba. Mithai (vitamu vya Kihindi) na korosho zitampendeza, ila akiwa Mjaini, yaani wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru viumbe, huenda hata asali haili. Wapo pia Wakristo wengi wasiogusa pombe. Mpigie sekretari wake, uulize.

Dhana: Kikombe chenye nembo yetu kinatosha.

Hilo ni tangazo. Litoe kama tangazo.

Dhana: Anayestahili zawadi ni aliyetia sahihi mkataba.

Na yule mhasibu aliyehakikisha ankara yako imelipwa kwa wakati? Na karani wa stoo aliyebaki hadi jioni kupokea mzigo? Peleka kitu cha kugawana, mchana, kupitia mapokezi, kikiwa na jina la idara nzima. Wakisema sera ya kampuni yao hairuhusu, usibembeleze. Waachie kadi, urudi na kiondo chako.