Je, Wajua Kwa Nini Shule za Sekondari za Marekani Husomesha Vitabu Vile Vile vya Fasihi?

Ukiwauliza Wamarekani wa rika mbalimbali ni vitabu gani walivyosoma katika somo la Kiingereza walipokuwa sekondari, babu na mjukuu watakutajia majina yanayokaribiana mno: Macbeth, Julius Caesar, Romeo and Juliet, The Scarlet Letter, The Great Gatsby. Jambo hili linastaajabisha zaidi ukizingatia kwamba Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo lina utaratibu wake, na ndani ya jimbo wilaya za elimu zina kauli kubwa juu ya kinachofundishwa. Imekuwaje, basi, maelfu ya shule zisizopewa orodha moja zikafikia uchaguzi unaofanana?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba vitabu hivi ndivyo bora kuliko vyote, na kwamba wanazuoni fulani, wakati fulani, waliipima fasihi yote ya Kiingereza na kutenga iliyofaa vijana. Hata wanaoipinga orodha hii huanza na dhana iyo hiyo, ila wao huwaona wanazuoni hao kuwa walipendelea. Pande zote mbili zinachukulia kwamba uchaguzi wa namna hiyo ulifanyika. Mfano mmoja unatosha kuitia shaka dhana hiyo. Miongoni mwa kazi za George Eliot, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, riwaya ambayo wahakiki wengi huiweka juu kabisa ni Middlemarch, lakini iliyosomeshwa katika shule za Marekani kwa vizazi kadhaa ni Silas Marner, ya mwaka 1861. Silas Marner ni riwaya nzuri, na tena ni fupi, inaweza kumalizwa darasani katika wiki chache. Middlemarch ina mamia ya kurasa. Ubora peke yake usingeleta matokeo hayo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba desturi hii ni ya kale. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kijana aliyetayarishwa kwenda chuo kikuu alitumia saa zake nyingi kwa Kilatini na Kigiriki. Waandishi wa Kiingereza alikutana nao kwa vipande vifupi, katika vitabu vya kusomea kama vile mfululizo wa McGuffey ulioanza kuchapishwa mwaka 1836, na vipande hivyo vilitumika zaidi kwa mazoezi ya matamshi na maadili. Kuisoma tamthilia nzima, kuijadili na kuiandikia mtihani halikuwa jambo la kawaida.

Kilicholeta mabadiliko ni insha. Chini ya rais wake Charles William Eliot, chuo cha Harvard kilitaka waombaji wathibitishe kuwa wanaweza kuandika Kiingereza sahihi. Insha lazima iwe na mada, na mada ya haki ni ile ambayo watahiniwa wote wamepewa nafasi ya kuiandaa. Kwa hiyo chuo kilitangaza kwamba mada ya mtihani wa mwaka 1874 itatoka katika mojawapo ya kazi hizi: The Tempest, Julius Caesar na The Merchant of Venice za Shakespeare, The Vicar of Wakefield ya Goldsmith, pamoja na Ivanhoe na The Lay of the Last Minstrel za Walter Scott. (Tamthilia mbili kati ya hizo msomaji wa Kiswahili anazijua kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.) Tangazo lilieleza wazi kilichotakiwa kwa mtahiniwa: tahajia, uakifishaji, sarufi na ufasaha. Fasihi iliingia mlangoni kama chanzo cha mada, na chuo hakikuwa kikipima iwapo kijana ameielewa nafsi ya Brutus, mhusika wa Julius Caesar.

Vyuo vingine vilifuata, kila kimoja na orodha yake, na shule zilizotayarisha wanafunzi kwa vyuo kadhaa zikalazimika kufundisha orodha zinazogongana. Mwaka 1894 ulifanyika mkutano wa kuziwianisha. Walimu hawakuridhika, na mwaka 1911 walianzisha baraza lao la taifa la walimu wa Kiingereza huko Chicago, sababu mojawapo ikiwa ni kupinga vyuo kuiamulia sekondari isome nini. Hatimaye orodha hizo zilipoteza nguvu. Vitabu vilibaki.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Fikiria njia ya miguu inayokata uwanda wenye nyasi. Waliopita kwanza walikuwa na sababu, pengine kuukwepa mti ulioanguka. Mti ukaoza na kutoweka, lakini watu wakaendelea kupinda palepale, kwa kuwa ardhi imeshakanyagwa na nyasi hazipo. Anayepita leo hafanyi upumbavu hata kidogo, kwani njia hiyo kweli ndiyo nyepesi kuliko zote, na kila anayeipita anazidi kuifanya nyepesi kwa atakayemfuata.

Kwa shule, nyasi zilizokanyagwa zimo ndani ya stoo ya vitabu. Mwalimu mwenye madarasa manne ya wanafunzi thelathini anahitaji nakala 120 za kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Ukifunua jalada la nakala hizo utakuta muhuri wenye mistari, na katika kila mstari jina la mwanafunzi, mwaka, na hali ya kitabu alipokabidhiwa. Nakala zikiwapo tayari, kufundisha Macbeth hakuna gharama mpya. Kufundisha riwaya nyingine kunadai bajeti, kibali, na wiki za mwalimu kuandaa maswali upya. Zaidi ya hayo, mwalimu mwenyewe aliisoma Macbeth akiwa mwanafunzi, na miongozo yake imejaa kila mahali. Bei nayo ilichangia tangu mwanzo: hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda hakimiliki za waandishi wa kigeni, hivyo riwaya za Uingereza zilichapishwa huko kwa bei nafuu.

Ni vigumu kutenganisha ni kwa kiasi gani Macbeth inadumu kwa sababu ya stoo na kwa kiasi gani inadumu kwa uzuri wake. Nguvu ya tamthilia ile haina ubishi, lakini pia ndiyo tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare. Mtafiti wa elimu Arthur Applebee alipochapisha mwaka 1989 uchunguzi wake wa vitabu vinavyofundishwa katika sekondari za Marekani, Shakespeare alitawala nafasi za juu, na kati ya waandishi wa vitabu kumi vilivyofundishwa zaidi kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Harper Lee, aliyeandika To Kill a Mockingbird. Vigezo vya Common Core vya mwaka 2010, yaani viwango vya pamoja vya kile mwanafunzi anachotakiwa kujua, vilivyopokelewa na majimbo mengi, vinamtaja Shakespeare kwa jina kwa madarasa ya mwisho.

Hata hivyo njia mpya huchongeka. The Great Gatsby ilichapishwa mwaka 1925, na mwandishi wake, F. Scott Fitzgerald, alipofariki mwaka 1940, baadhi ya nakala za chapa ya pili zilikuwa bado hazijauzwa. Mwaka 1945 takriban nakala 155,000 za jalada laini ziligawiwa kwa askari wa Marekani, wahakiki wakairudia, na vitabu vya jalada laini vilipoenea, shule zikaweza kuinunua kwa wingi. Tangu tarehe 1 Januari 2021 riwaya hiyo haina tena hakimiliki Marekani: mchapishaji yeyote anaweza kuitoa kwa bei ya chini, kama ilivyokuwa kwa Silas Marner na Ivanhoe zamani zile.